Nimetoa Nyama, Nadai Ndoo

Mpendwa Mama Sinafoa, naomba msaada wako, ingawa kusema kweli mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize hapa bandarini Salelologa nani hamjui Pelenato, nimekuwa baharia, nimekula Auckland nikalala Sydney, shule niliiacha njiani lakini dunia nimeisoma yote, na sasa nina duka la nyama ya chumvi, ile ya ndoo, ambayo hapa Samoa bila hiyo hakuna msiba wala harusi. Basi jicho langu la baharia likaona jambo ambalo wasomi wamelipita: meli inakuja kwetu imeshiba inarudi Nyuzilandi na njaa, makontena matupu, huku ndoo zetu zinaziba mfereji mpaka mvua iliyopita maji yakaingia kwa baba mdogo Uaita, magodoro yakaelea. Nikamwambia yule anayeniuzia nyama huko, bwana wee, nikikurudishia ndoo safi na vifuniko vyake, si utazijaza tena uniuzie kwa bei ya chini? Akakubali, wenye meli wakakubali, ndoo za kwanza zimeshakwenda na kurudi na nyama mpya ndani, na wateja nimewapunguzia bei, sikuila faida peke yangu, moyo wangu mnaujua.

Sasa sikia balaa. Juzi tulimzika shangazi, ukoo ukagawa ndoo za nyama nilizotoa mimi kwa mchungaji na kwa wakwe, nami nikapita katikati ya mikeka, kila aliyepokea nikamnong'oneza kwamba akimaliza nyama ndoo ni yangu. Mke wa mchungaji alicheka hadi akaficha uso kwa upepeo. Baba mdogo hakucheka. Akasema mbele ya watu wote, "Baba yako alitoa ng'ombe na pembe zake. Wewe unatoa nyama, unadai sahani."

Tangu hapo naitwa Chifu Ndoo. Na Jumamosi hii ukoo unakaa kuamua nani arithi jina la uchifu la marehemu baba, na baba mdogo ametuma neno kwamba niache kuokota ndoo au nisahau hilo jina. Nimemjibu nitaingia kikaoni na ndoo kichwani. Mke wangu Losa anasema nina wazimu. Mama, nisalimu amri? Mimi naona hapana, lakini jina la baba nalitaka, hilo sikufichi.

Pelenato, Salelologa

Pelenato mwanangu,

Umejisifu mpaka wino umeona haya. Pole kwa msiba, na sasa unyamaze unisikilize.

Ndoo usiache hata moja. Mtu ambaye godoro lake limeelea, kisha anakukataza kuzibua mfereji, huyo hana hoja, ana hasira tu.

Lakini hasira hiyo uliileta wewe. Kwetu zawadi ikishatangazwa haina kamba ya kuivutia nyuma. Wewe unapita msibani ukinong'ona kama mdai kodi, ulitaka upigiwe makofi? Dunia yote umeisoma, ukurasa huo ukauruka.

Hebu niambie, mikeka yetu ya sherehe huenda wapi? Inatolewa harusi hii, inaonekana msiba ule, na miaka ikipita inarudi kwa bibi yule yule aliyeifuma, naye anaipokea kwa machozi ya furaha. Nani amewahi kumwita ombaomba? Kitu kurudi si aibu kwetu. Aibu ni kukidai mwenyewe, umesimama, wakubwa wameketi.

Kwa hiyo kesho nenda kwa kamati ya akina mama. Wao ndio wanaokagua nyumba na mifereji, hakuna chifu anayewabishia. Ndoo wazikusanye wao, ziwe zao, nawe uzinunue kwao, fedha ziingie kwenye mfuko wao. Utaona mke wa mchungaji akiosha yake kwa mkono wake.

Kisha nenda na Losa kwa baba yako mdogo kabla ya Jumamosi. Keti, kunja miguu, omba radhi kwa kunong'ona msibani. Kwa ndoo usiombe radhi. Akikuuliza kama utaziacha, mwambie, "Hapana, baba," kwa sauti ya chini, halafu ufunge mdomo. Najua hapo ndipo kazi ilipo. Na hiyo ya ndoo kichwani ni utoto, iache.

Wakikunyima jina, wasikuone umenuna. Kula magimbi yao, imba nao, na Jumatatu uwe bandarini unapakia. Ukoo utakaa tena mwaka mwingine. Meli haisubiri mtu.

Mama Sinafoa