Kiti cha Baba Kiko Karen

Mutuini, Nairobi

Kwa kaka yangu mkubwa Simiyu,

Pokea salamu zangu, na kama mikono yako imejaa mali ya watu, itue kwanza ndipo uzipokee. Hamjambo hapo nyumbani? Ule mguu wako unaouma wakati wa baridi unaendeleaje? Ng'ombe wa baba bado wapo, au nao wamepata mteja? Mimi ni mzima. Mama yangu, yule mke mdogo wa baba uliyemfukuza, naye ni mzima, ingawa hujawahi kuuliza.

Najua macho yako yanagombana na maandishi, kwa hiyo atakusomea binti yako Nasimiyu. Nasimiyu mwanangu, soma polepole tena kwa sauti, usiruke mstari hata baba yako akikukoholea. Na mngoje baba mdogo Wanjala aketi kwanza, maana haya yanamhusu. Ningepiga simu, lakini ukisikia sauti yangu unakata. Hiyo simu yenyewe tutaifikia.

Unajua nafanya kazi Karen, kwa mjane anayeitwa Mama Njoki. Watoto wake wako ng'ambo, nami kutwa nafagia vyumba visivyolala mtu. Jumamosi iliyopita aliniambia nimsindikize mjini, soko la vinyago, nimbebee mizigo. Soko lenyewe hutandazwa chini, mahali pa kuegesha magari karibu na mahakama. Wanaliita soko la Wamasai, lakini Mmasai niliyemwona ni mmoja tu, naye alikuwa anauza viatu vya tairi. Wengine ni Wakisii na mawe yao, Wakamba na vinyago, akina mama Wakikuyu na vyondo vyao vya kusuka. Shanga za kila rangi, leso, picha za twiga wanaoyumba kama walevi. Nilifurahi, sikufichi. Mama Njoki hanunui kimya: kitu anakishika, anakinusa, anakitukana, ndipo anakinunua.

Mwisho tulifika kwa jamaa anayeuza vitu vya zamani. Vibuyu, mikuki yenye kutu, ngao. Mama Njoki akainama.

"Nafula, angalia hii stool. Si itakaa poa kwa veranda?"

Nikaangalia. Kaka, miguu mitatu, na mmoja umefungwa kwa spoki ya baiskeli.

Unaikumbuka hiyo spoki. Mguu ulipasuka tukiwa watoto, baba akang'oa spoki kwenye baiskeli yake akaufunga, akazungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu hakuamini kitu kinachofungwa mara moja. Nilikipindua kile kiti nikakinusa chini. Ugoro wa baba bado umo ndani ya mbao. Nikajifanya nachunguza kama kuna mchwa.

Nikamuuliza yule jamaa kimetoka wapi. Alidhani nataka hadithi, akanipa.

"Mama, hii si ya kuchongwa jana. Ni ya mzee mkubwa huko Chwele. Mimi mwenyewe nilienda na hizi miguu zangu. Kijana yake ndiye alinipea, msee mmoja ana pengo hapa mbele, akicheka ni kama anakohoa. Mzee alikuwa kitandani, hata hajakufa. Nikamwambia nitampea simu. Alikuwa na haraka kunishinda! Akaniambia atachongea mzee ingine."

Mama Njoki akacheka. Hata mimi nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka yule jamaa akaniuliza kama niko sawa.

Labda mila imekutoka, ngoja nikukumbushe. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, wazee humkalisha mrithi kwenye kiti cha baba yake, kile kile, si kipya. Asiyekalishwa hapokei ng'ombe wa mahari ya binti yake. Ulifikiri kiti ni kiti, fundi atachonga kingine. Baba mdogo Wanjala alipokikataa kile kipya mbele ya watu wote, ukageuka huku na huku kama kuku aliyeona mwewe, macho yako yakatua kwa mama yangu, mjane asiye na mtoto wa kiume. Ukasema amekichoma kupikia chai ya matanga. Halafu ukanipigia mimi, huku Nairobi, kunieleza mama yangu alivyo mchawi. Ulinipigia kwa simu ile ile uliyobadilishana na kiti! Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, lakini wewe ulimla kuku, ukamfunga mama yangu miguu yake shingoni.

Ujue alivyoishi tangu siku hiyo. Tuko chumba kimoja, pazia katikati. Nikimpa kiti hakai, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasema mwanamke aliyeharibu kiti cha mume hastahili kingine. Mwanzoni alikana, akasema hakukichoma. Baadaye akanyamaza. Juzijuzi aliniambia, "Labda nilikichoma kweli, mwanangu. Moshi ulikuwa mwingi siku ile, na mimi nimezeeka." Umenisikia, Simiyu? Hukumfukuza tu. Ulimfanya mama yangu akuamini wewe kuliko mikono yake mwenyewe.

Kiti Mama Njoki alikinunua. Nilikibeba mapajani kwenye gari mpaka Karen. Nilipomweleza, alitoka pale verandani kama aliyekanyaga kaburi. "Chukua, peleka nyumbani. Mimi siwezi kaa na kitu ya marehemu wa wenyewe." Nikamwambia akiache kwanza.

Jana nilimleta mama akione. Alipiga magoti, akaipapasa ile spoki mzunguko kwa mzunguko, kisha akaniangalia na uso ambao sijauona tangu baba alipokuwa hai. Akasema, "Kumbe sikukichoma." Akalia mpaka Mama Njoki naye akalia, na mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa nisikilize. Nasikia watu wa mume wa Nasimiyu wanakuja Desemba, na baba mdogo amesema bila kiti hakuna ng'ombe. Nasimiyu, nakupenda, nami naumia kwamba ni wewe unayeyasoma haya. Lakini kiti hakitoki hapa. Baba yako atapanda basi, atakuja Mutuini, atapiga magoti kwenye huo uchochoro wetu majirani wakitazama, atamwita mama kwa jina lake, atasema alichofanya. Kisha atamrudisha mwenyewe, mchana, kwa njia ya sokoni, sio ya nyuma ya mashamba. Mama akishalala usiku mmoja nyumbani kwake, mimi nitakileta kiti. Asipokuja, basi.

Usidhani kiti kinapata shida, Simiyu. Kipo verandani, kwenye jua zuri, na paka wa Mama Njoki amekipenda. Kila asubuhi namtoa nifagie. Nikimaliza namrudisha. Ameketi pale siku nyingi kuliko utakazowahi kuketi wewe.

Msalimie baba mdogo Wanjala, aliyekataa kiti bandia. Mwambie alikuwa na haki. Msalimie mkeo, shemeji yangu, aliyebaki na sufuria za mama, azisugue, zitahitajika. Wasalimie majirani wote waliosimama njiani kumtazama mama akiondoka na mfuko mmoja.

Ni mimi dada yako Nafula,
mtoto wa yule mwanamke aliyechoma kiti.