Mto wa Samaki Niliompelekea Kaka Yangu Mlimani

Mpendwa Bi Muzdalifa,

Nakusalimu wewe na wote mnaotoa hili jarida letu la Waafrika Mashariki wa Guangzhou, ambalo mimi hulipata likiwa limeshapitia mikono mingi hapa hosteli mpaka kona zake zimekuwa laini kama kitambaa, na leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe sina wa kumwambia, na ukiliona dogo naomba usinicheke, ni jambo la mto wa kulalia, lakini tangu barua ya kaka yangu ifike wiki tatu zilizopita sina raha, nikila sijui ninachokula.

Mimi ni mke wa mwanafunzi, shule yangu niliishia kidato cha pili, na nina mtoto wa miezi minane. Kaka yangu anaitwa Elisante, ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, anabeba mizigo ya wageni kichwani mwaka wa kumi huu, na siku naondoka nyumbani kuja huku alibeba sanduku langu kichwani mpaka stendi ingawa lilikuwa na magurudumu, nikamwambia kaka livute tu, akasema yataisha kabla hujafika China.

Mwezi wa nne aliniandikia kuwa shingo inamsumbua, na kule kambini wapagazi hulaza vichwa juu ya viatu au gunia lililokunjwa, akaomba nimtafutie mto mmoja wa kujaza upepo kama ile ya wageni, inayokunjwa ikawa kama ngumi. Kaka yangu si mtu wa kuombaomba, hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akisema naomba. Aliandika vizuri kabisa anachotaka: nje uwe na kitambaa, kwa sababu plastiki tupu kule juu inakuwa baridi kama sufuria na kichwa kinateleza, mdomo wake uwe wa kuzungusha ili aweze kuufunga akiwa na glavu, usiwe mnene sana maana analala ubavu, na uwe mwepesi, "kwa sababu vyangu navibeba juu ya vya mgeni." Mwisho akaandika, "Rangi usihangaike nayo, angalia shingo yangu tu."

Basi nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kwenye lile soko la mabegi na vifaa vya safari, na unajua wenyewe wanavyouza, ni katoni kwa katoni, ukitaka kimoja wanakwambia meiyou, hakuna, huku kinaning'inia mbele ya macho yako. Nilizunguka maduka mengi mpaka nikaukuta wenyewe, wa kijani, kitambaa laini, mwepesi kama kipande cha sabuni, ulikuwa sampuli pekee kwenye msumari, na mama mwenye duka alikataa kuutoa. Nikaomba niujaribu. Nikaupuliza, nikaukalia, nikauweka sikioni nisikie kama unavuja, nikavaa soksi ya mtoto vidoleni nijifanye nina glavu nikauzungusha mdomo wake, yule laoban, yaani mwenye duka, akacheka akawaita na majirani waje kuniona. Kichina changu ni cha sokoni tu, kwa hiyo nikachukua begi nikaliweka kichwani, nikatembea hatua tatu kati ya makatoni, nikajishika kisogo nikakunja uso. Yule mama akaacha kucheka. Akajishika kisogo chake mwenyewe akasema "baba", neno ambalo kwao ni hilohilo letu, akanyoosha mkono upande wa Huangpu bandarini, akafanya kama mtu anayebeba gunia. Akautungua mto kutoka kwenye msumari akanipa.

Bi Muzdalifa, mto huo nilipewa kwa ajili ya shingo ya kaka yangu.

Nilipofika nyumbani nikaupuliza nione kama utashika upepo mpaka kesho yake, kama ambavyo mnunuzi yeyote mwenye akili angefanya, na siku zile mtoto alikuwa na chango, analia tangu alfajiri, mimi nilikuwa nimechoka mpaka naweka chumvi kwenye chai. Nikaegemeza kiwiko juu ya ule mto nikimnyonyesha. Nakumbuka saa ilikuwa saa sita mchana. Niliposhtuka mume wangu Thomas alikuwa ameshatoka darasani amesimama mlangoni na viatu mkononi, anaogopa kutuamsha. Sikuwa nimelala hivyo tangu nijifungue.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka mizigo kwa dada Mwanakhamis pale jengo la Tianxiu, ambaye akisafiri kwenda nyumbani huwa anatubebea vifurushi vyetu kwenye begi lake. Mkono wangu ulikwenda kwenye mdomo wa ule mto nitoe upepo, ukarudi, ukaenda tena, ukarudi. Nikashuka chini, kwenye daraja la waenda kwa miguu kuna bibi mmoja anauza vitu vya kuogelea, nikachukua kimto cha plastiki cha rangi ya machungwa chenye picha ya samaki anacheka, kizibo chake cha kubonyeza. Nilijua. Sitaki niseme sikujua. Nikaandika kikaratasi, "Kaka, nimeuchagua mwenyewe kati ya mingi," nikafunga, nikapeleka.

Sasa barua yake ndiyo hii, nanukuu kama alivyoandika:

"Mdogo wangu, asante sana. Wenzangu walinicheka wakaniita Bwana Samaki, hata mpishi akiniona anasema samaki leo anakaangwa au anachemshwa, nikawaambia chekeni, huu umechaguliwa na dada yangu kati ya mingi, hajakosea kitu tangu azaliwe. Nilikuwa nauvika sweta kichwa kisiteleze. Ila nisamehe. Usiku wa pili pale kambi ya Barafu ulipasuka kwenye mkunjo, nadhani niliupuliza vibaya au niliukunja kwa nguvu, mikono yangu hii ni ya mizigo si ya vitu vizuri. Nimeubandika viraka vya baiskeli, vitatu, bado unapumua. Tafadhali usinunue mwingine. Na ukiununua, sitaupandisha mlimani, nitauweka sandukuni kwa mama uwe ukumbusho, maana mimi najijua nitauharibu. Mwisho wa mwaka tuna wageni wengi sana wanaotaka kuuona mwaka elfu mbili wakiwa kileleni, niombee shingo."

Anaomba msamaha yeye! Nilipofika hapo nilikaa chini sakafuni na barua.

Nilimwonyesha Thomas, akaisoma akasema, "Mbona rahisi mama. Mpelekee huo wa kijani, mwambie umepata mwingine bora. Atafurahi, utafurahi, kwisha."

Nikamwambia, "Na ile asante niliyopokea?"

Akasema, "Asante hairudishwi posta."

Labda ana haki. Lakini naona nikifanya hivyo nitashukuriwa mara ya pili kwa kitu nilichomnyang'anya, na nikimwambia ukweli atajua kuwa nilimcheka kabla wenzake hawajamcheka, na yule dada ambaye hajakosea kitu hatakuwepo tena, na kaka sina mwingine. Dada Mwanakhamis anasafiri tena Ijumaa ijayo, ameniambia kifurushi changu kisizidi pakiti ya sukari. Mto upo hapa, kitambaa kina doa la maziwa. Nifanyeje? Nimpelekee na maneno gani?

Mimi dada yake,
Hosteli ya wanandoa, Oktoba 1999

*

BI MUZDALIFA ANAJIBU:

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale ulipovaa soksi vidoleni. Mara ya pili sikucheka popote. Nimewaomba wenzangu walitoe jibu toleo hilihili, kwa sababu Ijumaa haitusubiri.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kulala usingizi saa sita mchana na mtoto mwenye chango si dhambi, mimi nimelea wanne, najua chumvi kwenye chai. Ungemwandikia kaka yako siku ile, "Kaka nimeupata, lakini nimeulalia na nimeshindwa kuuachia, nisubiri," mtu aliyebeba sanduku lenye magurudumu kichwani angekusubiri. Mto unasameheka. Kile kikaratasi ndicho kibaya. Ulijua kitambaa, ulijua mdomo wa kuzungusha, ulimfundisha hata laoban kwa miguu yako, kisha ukampelekea mtu wa barafu kitu cha kuogelea na ukaweka jina lako juu yake. Hapo ulikosea, na ninalisema mara moja tu, sitalirudia.

Huyo mumeo ni mtu mwema lakini barua hakuisoma vizuri, na wewe pia hukuisoma, ulikuwa unalia. Rudi uisome. Kaka yako ameandika kuwa ukinunua mwingine hataupandisha mlimani, ataufungia sandukuni. Kwa nini? Kwa sababu anaamini aliharibu kitu kizuri kwa mikono yake. Ukimpelekea huo wa kijani ukanyamaza, utakaa sandukuni kwa mama ukiliwa na nondo, na mwisho wa mwaka yeye atalala juu ya viatu, na shingo ileile. Uongo wako ndio unaomlaza juu ya viatu. Ukweli ndio utakaomfanya aufungue huo mto. Kwa hiyo usiniulize kama umwambie. Unamwambia, ama sivyo huna sababu ya kumchosha Mwanakhamis.

Utaandika hivi, kwa mkono wako, si wa Thomas: "Kaka, hukuuharibu. Ule ulikuwa mto wa kuchezea majini, niliununua chini ya daraja, nikakudanganya. Wako ndio huu. Niliubakisha kwa sababu nilikuwa sijalala. Mikono yako haina kosa." Basi. Usieleze chango kurasa tatu, usijitukane, usimwombe akujibu haraka. Atakasirika? Huenda. Ana haki ya kukasirika kidogo, mwachie. Dada asiyekosea hakuwahi kuwepo, na nadhani Elisante alijua, alikuwa anakutetea tu mbele ya mpishi.

Sasa mto wenyewe. Mimi si mtu wa milima, nimemuuliza Chepkoech, mwanafunzi wetu Mkenya ambaye kila likizo hubeba hema akaenda kupanda vilima. Anasema plastiki tupu ikipata baridi kali hukakamaa na kukatika pale ilipokunjwa, hata ungeipuliza kama malaika. Liandike hilo kwenye barua, ni ushahidi wa kumtoa kaka yako kizimbani. Anasema pia mto mzuri usijazwe ukawa mgumu kama mpira, ujazwe nusu na zaidi kidogo, shingo izame, na asubuhi utolewe upepo wote na kukaushwa ndani ya jaketi kabla ya kukunjwa, maana pumzi ina maji na maji huganda. Na nyinyi wasomaji mnaonunulia ndugu zenu, mjifunze kwa mwenzenu: upulizeni, laleni ubavu hapo hapo dukani wacheke watakavyo, muufunge kwa glavu, uacheni na upepo siku nzima ndipo mseme mmechagua. Wepesi wa begi la mpeleka mzigo si kipimo cha kwanza. Kipimo ni kisogo cha atakayeulalia.

Ufue kwa maji baridi na sabuni kidogo, mdomo ukiwa umefungwa. Doa la maziwa likigoma, liache. Ni la mpwa wake.

Na wewe je? Mtoto mwenyewe usimlaze kamwe juu ya mto wa upepo, huyo kitandani pake panatosha. Kiwiko chako kunjia blanketi, lifunge kwa kanga mbili, linashika vizuri kuliko unavyodhani. Na Thomas, akitoka darasani, avae hivyo viatu alivyovishika mkononi, amchukue mwanawe ashuke naye chini mpaka saa kumi na moja. Asilete habari za mtihani. Ukipata nguvu, rudi kwa yule laoban. Usiombe mwingine. Mwambie tu kwamba mto umekwenda kwa mwenyewe, ataelewa ukijishika kisogo.

Alhamisi nitakuwa Tianxiu kwa Mwanakhamis nikinywa chai, nitatazama begi.

Jambo moja limebaki, uliandike mwisho kabisa wa barua yako. Mwambie Elisante ule wa samaki asiutupe, aukunje na viraka vyake vitatu ampe Mwanakhamis akirudi huku. Huku hakuna barafu. Huo utaulalia wewe.