Mgeni Mwenye Sauti Nene

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa spika ameniazima mashine na spika yake. Unaikanyaga, unaimba, unaikanyaga tena — inarudia ulichoimba bila kuchoka. Unaongeza nyingine juu yake, zinakuwa mbili. Nimejaribu na mwanangu Kibonge mgongoni, tukawa kwaya. Ila kwaya ya wanawake watupu. Mwenye ukumbi tulikokuwa tukiimba anatutaka kama zamani, mimi sauti ya juu, Baba Kibonge ya chini. Nimemwambia mume wangu yuko mbali kikazi. Akasema hilo ni lako mama, mimi Jumamosi ya wiki ijayo nataka kusikia ile besi.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe kuna kitufe cha pembeni! Ukikizungusha kushoto sauti yako inashuka. Kidogo tu, kama una mafua. Sana, zimwi la hadithini. Katikati kuna mahali... Nimeimba mstari wa chini wa Baba Kibonge. Nikaurudia.

Ni yeye, akiwa ndiyo kwanza ameamka, hajanywa chai.

Nimetia tone la rangi ya kucha hapo, nisipapoteze.

Jumapili, 9 Machi

Kibonge kazunguka nyuma ya spika kuchungulia. "Baba?"

Mimi mwenyewe nilimwambia baba yako anaimba hivi. Baba yake alipoondoka, huyu alikuwa hata kukaa hajui. Nimezima, akalia. Nikawasha. Nimefua nguo zote sauti ikiimba humu ndani, nikajisikia nina watu.

Jumatano, 12 Machi

Mama mwenye nyumba kasimama mlangoni na ufagio, hafagii. Eti mgeni wangu anakula saa ngapi, mbona hatoki? Nikamwambia ni mashine. Akasema mashine za siku hizi zina vifua kweli. Nimecheka mpaka basi.

Jioni ujumbe wa wifi yangu: "Wifi, nani huyo anayekuimbia? Mama mwenye nyumba kampigia kaka. Kaka kaniuliza, nami nakuuliza."

Sijacheka tena.

Ijumaa, 14 Machi

Baba Kibonge amepiga. Nimeingoja simu hii muda wote, imekuja hivi. Salamu hakuna. Nani yuko humo ndani?

Nikamwambia, wewe.

"Usinifanye mtoto, Mama Kibonge."

Mimi wa kuimba, kujieleza siwezi. Nikamwambia usikate, nikaiweka simu sakafuni mbele ya spika. Kitufe kwenye tone la rangi. Nikaimba mstari wake, nikaacha uzunguke. Kibonge mbio kuja kukumbatia spika. Nikamvuta kwenye simu — baba ni huyu hapa, mwite.

"Mwanangu?" Sauti nyembamba, imekwaruza. Siyo ile niliyoitia alama. Kibonge kaiangalia simu, karudi kwenye spika yake.

Baba yake hajakata.

Sikujua nifanye nini na mikono, ndiyo maana naandika. Kesho ukumbini. Mstari unazunguka tu, unaisha, unaanza.

Sasa hivi — simu inaimba. Polepole, chini kabisa. Kasahau maneno yake mwenyewe, akifika nusu ya pili ya mstari ananyamaza, anasubiri mashine imwonyeshe, anaifuata.

Kibonge kaachia spika. Kasimama katikati, anageuza kichwa huku na huku.

Mguu wangu uko juu ya mashine. Nikikanyaga sasa, mashine itazimika, itabaki sauti yake peke yake.