Mama Yake Bibi

Jumapili, 6 Aprili
Nimempeleka Bibi kupima presha, nikapitia mtaa wa Ghala kumpa Baba chakula chake gerejini. Kila Jumapili ndiyo hiyo. Baba kuhusu mimi kwenda kusoma Marekani: "Bibi yako akiridhia, nami nimeridhia." Basi nimekwisha. Chuo kinataka jibu Jumamosi.

Bibi hakatai Marekani. Anakataa kile chuo. Kilianzishwa kwa ajili ya watu weusi, enzi walipofungiwa milango ya vyuo vingine, na mpaka leo wanafunzi wake wengi ni weusi. "Sie Waarabu," kasema. "Wende kufanya nini huko?" Bibi mweusi kunishinda. Sikuthubutu kumwambia.

Jumatatu, 7 Aprili
Lakini swali limenikaa. Milango si ilishafunguliwa? Basi hiki cha nini tena? Nimemwandikia msichana wa huko anayejibu maswali ya wageni. Kasema shuleni kwao alikuwa mweusi peke yake. Akikosa hesabu, wamekosa weusi wote. Chuoni akikosa, kakosa hesabu tu.

Nimecheka. Kisha nikaacha. Darasani kwetu, huku Uarabuni, ikitajwa Afrika, vichwa vyote vinanigeukia mimi. Hata Zanzibar sijafika!

Jumatano, 9 Aprili
Kesho wanafunzi tuliopata nafasi tunakutana mtandaoni. Desturi ya chuo: unataja jina lako, kisha mwanamke wa mbali kabisa unayemjua katika ukoo wako. Majina yao mengi yalipotelea utumwani, kwa hiyo wanayataja yaliyobaki.

Mababu wanaume nawatiririsha bila kupumua, bin fulani bin fulani. Wanawake naishia kwa Bibi. Nimemweleza desturi hiyo, nikamuuliza mama yake aliitwa nani. Kanyanyuka, kaenda kutawadha. Adhuhuri ilikuwa bado kabisa.

Nimeudhika. Na nawashwa kujua.

Alhamisi, 10 Aprili
Nilikaa sebuleni na kompyuta. Bibi kajifanya anapanga mito. Wenzangu wakataja. Mmoja akalia. Zamu yangu nikasema jina langu, nikasema Bibi Zuwena, nikakwama. Aibu tupu.

"Waambie Kalunde."

Nikageuka. Bibi kashika mto kifuani.

"Mama yangu Mnyamwezi. Akipika kwa baba kabla hajamuoa. Wifi zake wakamwita Zafarani, jina la kijakazi, nasi tukafuata. Jina lake nnalijua mie. Kalunde."

Nikalitaja. Watu nisiowajua, ng'ambo huko, wakalirudia pamoja. Bibi akawa anatazama midomo yao.

Baba alikuwa mlangoni, mikono ina grisi. Hajawahi kulisikia jina la nyanya yake.

Nadhani swali langu la Jumatatu, chuo hiki cha nini, nimejibiwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimekubali nafasi. Bibi hakutamka kwamba karidhia. Kamwagiza Baba sanduku kubwa, eti huko baridi.

Baada ya chai kataka nimwoneshe tena wale watoto wa mtandaoni. Hakuna picha, nikamwambia, kikao kilikwisha. Kisha jina la mama yake kalisema mwenyewe, polepole, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili.