Shavu la Kushoto la Bibi

Shikamoo Bibi,

Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Shule zimefungwa, niko Nkwenda kwa Mjomba, kwenye duka lake la kutoa kopi. Wateja wakipungua ananiachia kompyuta, nami najifunza programu ya kuchonga sanamu. Hakuna mti wala udongo, Bibi. Kwenye skrini linatokea bonge la kijivu, unalibonyeza na kulivuta kwa kipanya mpaka liwe kitu.

Mimi nataka liwe wewe. Hukupenda kupigwa picha; tangu utuache, iliyobaki ni ile ya kitambulisho, imefifia mpaka macho hayaonekani. Juzi nikiwa nafua nilijaribu kukukumbuka. Sauti yako ilikuja, kitenge chako kikaja, uso ukakataa. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu.

Nilianza vibaya. Nilichora mikunjo ya paji la uso kabla hujawa hata na mashavu, ukawa kama kiazi kilichokauka. Nikafuta, nikaanza upya na kichwa, taya, kisha pua. Mjomba akapita na karatasi zake, akainama kutazama.

"Mama mzuri. Ni nani?"

"Ni Bibi."

"Bibi yupi? Huyu ni mgombea ubunge! Mama yangu hakuwa na uso wa mabango."

Mteja mmoja akacheka. Mimi nikatazama chini, unanijua. Lakini Mjomba alisema kweli. Uso ulikuwa sawasawa pande zote mbili, kwa sababu programu hiyo ukigusa shavu moja, la pili nalo linafuata. Mimi nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Nikakaa nikiutazama, na hapo ndipo nilipokumbuka baraza lako la Kimuli. Mimi nakusomea kitabu cha hadithi, wewe unachambua maharage, punje za kahawa ya kutafuna zimetulia kwenye shavu la kushoto. Nikinyamaza nikidhani umesinzia, unasema, "Soma, nasikia." Na mgeni akiinuka kuaga, unamsogezea kikapu kidogo cha kahawa. "Chukua kwanza. Mtu haondoki na kahawa mdomoni." Wageni wanaketi tena, hata wale waliosema ng'ombe wao wako peke yao malishoni.

Nikatafuta kitufe kinacholazimisha pande zifanane, nikakizima. Nikalivuta shavu la kushoto kidogo tu. Mdomo ukaelemea upande huo, jicho la juu yake likajikunja, na ghafla ulikuwa unanitazama kana kwamba nimechelewa kuteka maji.

Nikamwita Mjomba. Alisimama na karatasi mkononi, hakutania.

"Bado anatafuna," akasema polepole.

Akavuta kiti, akaketi mbele yako. Mteja akaulizia kopi zake.

"Subiri kidogo, ndugu yangu. Nina mgeni."

Bibi, masikio bado yananishinda, na kilemba chako kimekaa kama chapati. Nitavirekebisha nikirudi likizo ijayo. Kesho naenda nyumbani Kanoni nikamwonyeshe Mama uso wako kwenye simu aliyoniazima Mjomba kabla hajasafiri nayo, na ninajua atalia, kisha atauliza kwa nini sijakufunika shuka mabegani.

Lakini shavu sitaligusa tena. Kahawa yako haijaisha. Kaa kwanza.

Nasoma, Bibi. Najua unasikia.

Mjukuu wako wa barazani