Uso Utakaobandikwa Langoni

Dolna Vishnya,
3 Septemba 2018.

Mpendwa mwanangu Ralitsa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Winnipeg, wewe na mumeo, na kwamba ule mgongo wako umeanza kukuhurumia. Mama yako, mdogo wangu, hajambo. Yuko uani anachoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa, na moshi wake umeingia mpaka kwenye shuka zangu. Mimi niko kama nilivyo. Miguu imevimba, ngazi zimenishinda, nalala nimekaa. Mkono bado unaandika, nashukuru.

Kamera uliyonitumia ilifika salama. Sasa nikuambie kwa nini niliiomba, maana nilikudanganya niliposema nataka kupiga picha za maua.

Mkwe wangu Nevena ameshaniandalia picha ya tangazo langu la msiba. Niliiona kwenye simu yake alipokuwa akinionyesha mjukuu. Matangazo yetu unayajua: langoni, kwenye nguzo ya umeme, mlangoni mwa duka la mkate, kisha tena siku ya arobaini, tena mwaka ukitimia, mpaka mvua ikuoshe. Kijana wa duka la majeneza alichukua picha ya kitambulisho changu, akafuta makunyanzi yote, akanivika lulu ambazo sijawahi kuvaa, na nyuma yangu akapanga mawingu. Nilikuwa kama keki. Marehemu Stamat, mchunga kondoo, walimfunga tai, na mjane wake akapita mbele ya nguzo asimtambue.

Nilimwambia Nevena wazi kwamba inachefua. Akacheka.

"Mama, si umependeza? Umerudi nyuma miaka ishirini!"

"Huyo mimi simjui. Mzikeni yeye basi."

"Haya, lete nyingine iliyo nzuri kuliko hii."

Sikuwa nayo. Katika picha zangu zote nimesimama pembeni mwa safu ya wanafunzi, nimekunja macho kwa jua.

Ndipo nikaamua kujifunza kupiga picha ya uso kwa mwanga wa mchana tu, bila taa wala brashi ya mtu. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na somo la mwanga ndilo nililolipenda kuliko mengine. Nilidhani litakuwa jambo la asubuhi moja.

Nilianzia chini ya mzabibu wa uani. Kwetu ungeanzia wapi kwingine? Hapo ndipo tunapokula, tunapopokea wageni na tunapogombana. Kivuli chake ni laini. Mzee Gancho, jirani, alikuja na koti alilovaa kwenye harusi ya mwanawe, vifungo mpaka kooni, mikono juu ya magoti, mdomo ameubana. Nikapiga. Akatoka kijani. Majani yalikuwa yamechuja mwanga wote na kumpaka rangi yao, kama mtu aliyeopolewa kisimani. Mama yako alipoona alitema mate mara tatu kufukuza mkosi.

"Tfu, tfu, tfu! Dada, umemuua mwenzio!"

"Hebu nione," akasema Gancho. Akaitazama sana. "Huyu si mimi. Huyu ni kaka yangu Petko, na tulishamzika."

Nikajaribu uani saa sita. Macho yakawa mashimo, na kivuli cha pua kikamchorea mama yako masharubu. "Futa, Ralitsa asije akaona!" Sijafuta. Nikajaribu dirisha la jikoni, na maua ya pazia yakamtokea shavuni kama ugonjwa wa ngozi.

Nitakuambia jambo ambalo mtu haandiki, lakini sina muda wa kuona haya. Jioni nilizitazama picha hizo moja moja, na kinyaa kikaziacha picha kikahamia kwenye nyuso zenyewe. Madoa. Vinyweleo vya kidevuni. Ngozi ya shingo inayoning'inia kama ya bata mzinga. Nilichukizwa na mdogo wangu mwenyewe, niliyemwogesha akiwa mtoto. Kwa muda nilimwelewa Nevena na mawingu yake, na hilo lilinichefua kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata nilimwona mbuzi. Alisimama ndani ya banda, hatua moja tu kutoka mlangoni, akitazama nje. Mlango ule unaelekea kaskazini. Jua haliingii, lakini mbingu nzima inaingia. Uso wake ulikuwa kama wa askofu, na kila unywele ulionekana. Nilimpiga picha, na hadi leo ndiyo nzuri kuliko zote, jambo linaloniudhi.

Tukamtoa mbuzi. Nikakaa mahali pake, kwenye kigoda cha kukamulia, kinyesi kimenizunguka. Nikampa mama yako kamera. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa pilipili, na hakutaka kubonyeza.

"Legeza uso, dada. Umekaa kama unasahihisha mitihani."

"Huu ndio uso wangu."

"Huo ni wa shuleni. Nipe wa nyumbani."

"Bonyeza, Donka, kunanuka hapa."

"Sibonyezi. Haraka ya nini? Tutapiga hata Krismasi."

Hapo nikashindwa kuendelea kumficha. Nilimwambia alichoniambia daktari wa moyo mwezi wa Julai, ambacho sikuwa nimemwambia mtu: maji yameingia mapafuni, dawa zimefika mwisho, na Krismasi nisiihesabu. Alikuwa ameishikilia kamera usoni, hivyo sikuyaona macho yake. Kisha nikasikia mlio wa kamera.

"Kwa nini umebonyeza sasa?"

"Si umeniambia nibonyeze?"

Akaitupa kamera kwenye majani makavu, akaja kukaa chini na kunilalia magotini, ananuka moshi.

Picha hiyo nimeifunga humu. Ni mbaya. Jicho moja linatoka maji, mdomo uko wazi katikati ya neno, manyoya ya mbuzi yako begani. Ilipotoka kuchapishwa, mara ya kwanza niliigeuza kifudifudi mezani. Bado inanitia kinyaa, usije ukafikiri bibi kizee amepatana na uso wake. Lakini huo ndio uso uliokuwa ukimtazama mama yako alipojua. Hakuna aliyeupaka kitu.

Nevena ana moyo mzuri, ila anamsikiliza aliye mbali kuliko aliye karibu. Utakapopata habari, mpigie yeye kabla hajampigia kijana wa majeneza. Mwambie ni hii. Akisema itawatisha watu, iwatishe.

Nisalimie mumeo, na mwanao Kiril, ambaye sasa lazima amenipita urefu. Gancho anakusalimu, anasema kijani kimeanza kumtoka. Mungu akulinde, na akupe moyo wa kuendelea kutazama hata kinachokuchukiza.

Kuna jambo moja. Mama yako naye sasa anataka picha yake, na anasema mikono yangu inatetemeka mno. Njoo umpige picha wewe. Mkalishe mlangoni pa banda, asubuhi, umwambie jambo la kweli. Mbuzi mtoe kwanza.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye hadi pumzi hii,
Velika