Njia ya Wageni

Jumamosi, 1 Juni
Mgongo si wangu. Kikundi chetu kizima cha kulinda msitu tumeshinda tukifyeka njia, kutoka barabara kuu hadi kwenye mivule juu ya chemchemi. Alhamisi wanakuja wanahabari. Tumepiga kelele weee kwamba msitu unaliwa na wakata mbao kutoka upande wa pili, hakuna anayesikia. Basi waje waione mivule iliyobaki kabla nayo haijafikiwa. Mwenyekiti wetu — muuguzi mstaafu, hana utani — alitaka kijia cha mguu tu. Mimi nikasema hatuwezi kuwapitisha wageni miibani kama mbuzi. Tupanue, na pale penye tope tupange magogo. Wakanikubalia.

Alhamisi, 6 Juni
Wamekuja! Gari lao limefika mpaka chini ya mivule, viatu havikugusa tope. Mwenyekiti kawaonyesha chemchemi, kawaambia mtaa mzima tunakunywa hapo. Mmoja kaisifu njia, nami nikavimba kichwa. Jioni tumejiona kwenye televisheni kwa wifi yangu. Eti nimetoka mnene. Wifi huyu!

Jumanne, 11 Juni
Sijui nianzie wapi.

Mume wangu alikwenda kuchota maji, akarudi na ndoo tupu. Akaniambia tu nivae viatu. Nikadhani kuna msiba.

Mivule minne iko chini. Unga wa msumeno umejaa kwenye chemchemi, maji yamekuwa kama uji. Nikakaa — kumbe nimekalia kisiki. Nikaruka kama nimeungua.

Halafu nikaona alama za matairi. Mapana, ya lori. Yamepita kwenye njia yetu, juu ya magogo niliyoyapanga kwa mikono hii. Miaka yote lori halikuweza kufika upande huu kwa sababu ya tope na vichaka. Sisi ndio tuliowafyekea. Sisi!

Mume wangu ananiambia nisijilaumu. Nimemjibu ovyo, maskini. Mwenyekiti hajanisema hata neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jumatano, 12 Juni
Mwenyekiti kaamua: kesho tunachimba mtaro, tuikate njia kabla hawajarudi.

Alhamisi, 13 Juni
Naandika nikiwa nimekaa njiani, jembe pembeni.

Mtaro haujafika hata magotini, lori likatokea. Tukajipanga mbele yake. Dereva kashuka, mtu mzima, mpole. Kamwamkia mwenyekiti, shikamoo mama. Nilijiandaa kwa matusi, hata mapanga. Akauliza kama sisi ndio tuliotengeneza njia hii. Mwenyekiti akasema ndio.

Akatushukuru. Kwa moyo kabisa, si kejeli! Anasema bosi wake alikuwa hajui kama huku kuna mivule, wala kama pana pa kupita, mpaka alipotuona kwenye televisheni. Na kama tuna nafasi, bosi anaomba tuwafyekee njia nyingine upande wa juu. Atatulipa vizuri.

Wenzangu wakanong'onezana. Dereva kadhani tunataka kujadiliana, kasema tusiwe na haraka, karudi kwenye lori kusubiri jibu.

Wenzangu wananitazama mimi. Mwenyekiti peke yake ameinama, anachimba. Natakiwa nikamsaidie, lakini mimi bado naandika. Dereva hajaizima injini.